Moshi wa Jikoni Ndio Kengele ya Shule

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

  Leo sikuletei habari za bungeni wala za mahakamani. Nimekuja na habari za sufuria.

Mwezi uliopita nilikuwa Kitui, katika sehemu zile kavu za kusini ambako lami humalizika na vumbi likashika usukani. Nilikuwa nimetumwa kufuatilia habari nyingine kabisa, habari za visima. Gari letu likapata pancha karibu na shule moja ya msingi. Dereva alipokuwa akihangaika na gurudumu, mimi nilishika njia ya miguu kuelekea shuleni ili niombe maji ya kunywa. Ilikuwa yapata saa mbili za asubuhi.

Juu ya kilima kidogo kinachoitazama shule niliwakuta watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Sare walikuwa wamevaa, madaftari wameyakumbatia, lakini walikuwa hawaendi mbele wala hawarudi nyuma. Nikawauliza, "Mbona mmesimama? Hamjachelewa?"

Yule msichana, ambaye sidhani alikuwa amepita miaka tisa, akanijibu kwa adabu, "Shikamoo. Tunaangalia kama kuna moshi."

Nami nikaangalia. Bondeni niliona madarasa, mlingoti wa bendera, tangi la maji, na nyuma yake kibanda cha mabati kilichopigwa masizi. Kibanda hicho ndicho jiko la shule. Moshi haukuwako. Wavulana wale walitazamana, wakageuka na kurudi walikotoka bila ya kusema neno. Huko nyumbani kuna mbuzi wa kuchunga, na mbuzi hawana likizo. Msichana akabaki. Nilipomwuliza kwa nini yeye hakurudi, alisema, "Nikirudi nitatumwa maji." Kisha akateremka mbio kwenda shuleni.

Msikilizaji, nimefanya kazi hii ya uandishi wa habari kwa miaka mingi. Nimehudhuria semina za elimu katika hoteli kubwa kubwa, nimepewa vitabu vya kurasa mia mbili kuhusu mahudhurio ya wanafunzi. Lakini sijapata kuelezwa jambo hilo kwa ufupi kama nilivyoelezwa siku ile kilimani.

Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti na kikombe cha maji. Ni mtu wa makamo, mwenye sauti ya upole. Nilipomsimulia habari ya wale watoto alinyamaza kidogo, kisha akafungua kabati na kutoa rejista za madarasa. "Tazama mwenyewe," akaniambia. Nikatazama. Kwa majuma kadhaa alama za waliohudhuria zimejaa ukurasa mzima. Halafu ghafla, kama mtu aliyekata kwa wembe, alama za waliokosa zinaanza kuzidi. Nikamwuliza kulitokea nini pale. Akasema, "Hapo ndipo mahindi yaliisha. Na hapa," akasogeza kidole kurasa mbili mbele, "ndipo lori lilipokuja." Alama zilijaa tena. Kisha zikapungua tena. Siku niliyofika, stoo ilikuwa tupu, na hakuna aliyeweza kumwambia lori litarudi lini.

Kisha mwalimu yule akaniambia jambo ambalo aliniomba nisitaje jina lake wala la shule, nami nitalitimiza ombi hilo. Alisema kwamba katika muhula uliotangulia, chakula kilipoisha, alimwomba mpishi awe anawasha moto kila asubuhi na kuinjika sufuria ya maji matupu. Shabaha yake ilikuwa watoto wauone moshi kutoka kilimani, waje, na wakishaingia darasani wafundishwe. "Siku ya kwanza walikuja wote," akasema. "Adhuhuri walipanga foleni na bakuli zao. Ilinibidi nitoke niwaambie hakuna kitu. Sijapata kuona aibu kama ile tangu nianze kazi ya ualimu." Siku ya pili walikuja wachache. Siku ya tatu wakaja wachache zaidi kuliko siku zile ambazo hapakuwa na moshi kabisa.

Hivyo sasa akipata mahindi, huchukua siku mbili tatu kabla watoto hawajauamini moshi tena.

Wengi wetu tumesimuliwa kile kisa cha mama aliyechemsha mawe usiku ili wanawe wadhani chakula kinaiva, hadi walale. Mama yule hatumlaumu. Wala mimi simlaumu mwalimu huyu. Alikuwa na kazi ya kufundisha, na hakuwa na njia. Lakini yeye mwenyewe alijilaumu, na hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niketi kuandika mazungumzo haya.

Wahenga walinena kwamba shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mimi nilimjua mtoto mmoja aliyelegezwa na njaa, na naona sharti nimtaje, ingawa si kwa jina.

Mimi ni wa kizazi cha maziwa ya Nyayo. Mpango ule ulianzishwa mwaka 1979, Rais Daniel arap Moi akiwa hajamaliza hata mwaka mmoja tangu aapishwe kumrithi Mzee Kenyatta. Mwanafunzi wa shule ya msingi alipewa pakiti ya mililita 200 za maziwa, mara mbili kwa juma, bila ya malipo. Nilipoanza darasa la kwanza katikati ya miaka ya themanini, pakiti zile za pembe tatu zilikuwa sehemu ya shule kama vile chaki. Tulizing'ata ncha, tukafyonza, kisha tukazipulizia upepo na kuzikanyaga zilie kama bunduki.

Nilikaa dawati moja na mvulana aliyekuja shuleni siku za maziwa tu. Siku nyingine nafasi yake ilikuwa tupu, na mimi nilifurahi kwa kuwa nilipata mahali pa kutandaza viwiko. Mwalimu wetu wa darasa alimpa jina la Bwana Maziwa. Kila alipoingia, mwalimu alisema, "Bwana Maziwa amefika, leo ni siku ya karamu," na darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Wala sikufikiri hata mara moja kwamba huenda pakiti ile ndiyo iliyokuwa kiamsha kinywa chake, chakula chake cha mchana, na pengine cha jioni. Kabla hatujafika darasa la nne alikuwa ameacha shule. Nilipata dawati lote.

Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi nikiwa mtu mzima. Mwalimu yule alidhani anamkemea mtoto mvivu. Kumbe mtoto alikuwa akitwambia jambo la maana sana kuhusu mahudhurio: nikipata chakula, nitakuja, mkinipa siku mbili, nitakuja siku mbili.

Sasa, msikilizaji, tusiende kwa hisia peke yake. Tuulize: je, kuna ushahidi kwamba chakula cha bure shuleni huwaleta watoto?

Mara nyingi husikia watu wakisema, "Angalia mwaka 1979! Maziwa yalipoanza, shule zilifurika." Ni kweli zilifurika. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka karibu milioni 3 mwaka 1978 hadi karibu milioni 3.7 mwaka 1979. Lakini tuwe waangalifu. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku michango ya majengo na malipo mengineyo yaliyokuwa yamewazuia watoto wengi mlangoni. Ikiwa mlango umefunguliwa na maziwa yakawekwa ndani siku moja, huwezi kusema kwa hakika aliyeingia ameingia kwa sababu ya mlango au kwa sababu ya maziwa. Jambo hilo hilo tuliliona kwa upande wa mlango peke yake mwaka 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi. Wanafunzi walitoka kama milioni 5.9 wakawa kama milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Kwa hiyo karo ni ukuta mkubwa. Lakini ukuta ukishabomolewa, njaa hubaki.

Ushahidi ulio bora zaidi unatoka kwetu sisi wenyewe, huko magharibi mwa nchi, katika wilaya za Busia na Teso kama zilivyoitwa wakati ule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer walizichunguza shule 50 za chekechea. Shule 25 zilichaguliwa kwa bahati nasibu watoto wake wapewe uji wa asubuhi bila ya malipo. Shule nyingine 25 ziliendelea kama kawaida, ili zilinganishwe. Huyu Kremer ndiye yule ambaye baadaye, mwaka 2019, alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Walipata nini? Katika shule zenye uji, mahudhurio yalikuwa juu kwa kiasi cha asilimia 30 kuliko katika zile zisizo na uji. Hapo hakuna la kubishana. Uji uliwaleta watoto.

Lakini sikiliza na upande wa pili, maana mtu akikusomea nusu ya barua hajakusomea barua. Uji ulikula muda wa masomo, kwa sababu kupika, kupanga foleni na kuosha vikombe ni kazi ya saa. Madarasa yalijaa zaidi. Na alama za watoto katika mitihani zilipanda katika zile shule tu ambazo mwalimu wake tangu awali alikuwa amefunzwa vizuri na mwenye uzoefu. Pale ambapo mwalimu alikuwa dhaifu, mtoto alishiba, akakaa darasani, akarudi nyumbani kama alivyokuja.

Tena shule zilizopata uji zilipandisha ada, kwa kuwa wazazi waling'ang'ania nafasi, na baadhi ya watoto walihama kutoka shule za jirani zisizo na uji. Watafiti wale walisema mambo haya yasingetokea kama shule zote zingekuwa na chakula. Ukiweka sufuria moja kijijini, utapata foleni na ugomvi.

Hesabu hiyo ni muhimu kwa wale wanaodhani kwamba kulisha watoto ni dawa ya kila ugonjwa. La hasha. Chakula humleta mtoto mpaka kwenye dawati. Kutoka kwenye dawati hadi kwenye kitabu, anahitaji mwalimu. Lakini nani atamfundisha mtoto aliyegeuka kilimani akarudi kwa mbuzi?

Sasa tuzungumze kuhusu kiasi, kwa sababu wengi hudhani mpango huu unahitaji utajiri wa kifalme. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi katika shule zetu za maeneo kame ni gramu 150 za nafaka kwa mtoto kwa siku, gramu 40 za maharagwe au kunde, na gramu 5 za mafuta, pamoja na chumvi kidogo. Chukua shule ya watoto 400. Hiyo ni kilo 60 za mahindi, kilo 16 za maharagwe, na kilo 2 za mafuta kwa siku. Gunia moja la mahindi la kilo 90 huwalisha watoto 600 kwa siku moja. Shule yetu ya watoto 400 inahitaji magunia matatu na theluthi kwa juma zima. Nyote mnaonunua mahindi sokoni mnajua bei ya gunia. Pigeni hesabu wenyewe, kisha gawanyeni kwa watoto 400.

Mpango wenyewe ulianza mwaka 1980, chini ya Shirika la Chakula Duniani pamoja na serikali yetu, katika wilaya za ukame. Mahindi mengi na mafuta yalikuja na meli kutoka ng'ambo. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wake wa kutumia chakula kinacholimwa hapa hapa, na kuchukua jukumu la zaidi ya watoto nusu milioni. Shule zilitumiwa fedha kwenye akaunti zao, zikatangaza zabuni na kununua kwa wakulima na wafanyabiashara wa karibu. Kidogo kidogo shirika lile likawa linakabidhi wilaya baada ya wilaya, hadi mwaka 2018 likamaliza kukabidhi. Tangu hapo mzigo ni wetu.

Nami nasema ni vyema kwamba ni wetu. Taifa haliwezi kulea wanawe kwa mkono wa jirani milele. Lakini mzigo ukiwa wako, na kuchelewa ni kwako. Fedha zikitoka Nairobi muhula ukiwa katikati, mahindi yatafika watoto wakielekea likizo. Lori likikwama kwa sababu ya sahihi moja katika ofisi fulani, kuna mtoto anayesimama kilimani. Mwenye kutia sahihi hamwoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tuwatazame na wenzetu. Huko India, jimbo la Tamil Nadu lilianza kuwapa wanafunzi chakula cha mchana katika miaka ya hamsini, chini ya waziri mkuu wa jimbo K. Kamaraj. Mwaka 1982, M. G. Ramachandran, mwigizaji wa filamu aliyekuwa amegeuka mwanasiasa, aliupanua mpango huo ukawafikia watoto wengi mno. Wataalamu wengi walimcheka, wakasema anazitapanya fedha za umma kwa kutafuta kura. Lakini tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamuru kwamba kila mtoto katika shule za msingi za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali apewe chakula kilichopikwa, chenye kalori zisizopungua 300, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Zingatia maneno hayo mawili: kilichopikwa, na siku 200. Mahakama haikusema "chakula kikipatikana". Ilihesabu siku.

Huko huko India tunapata na onyo. Tarehe 16 Julai 2013, katika wilaya ya Saran, jimbo la Bihar, watoto 23 walifariki baada ya kula chakula cha shule kilichoingiwa na dawa ya kuua wadudu wa mashambani. Kwa hiyo tunaposema watoto walishwe, tuseme pia mafuta yawekwe wapi, maji yatoke wapi, mpishi apimwe afya yake, na mtu mzima aonje kabla ya mtoto. Jiko la shule ni mahali pa kuaminiwa, na mahali pa kuaminiwa hapaachwi bila ya mlinzi.

Hapa mjini, msikilizaji wangu wa Nairobi, usidhani nazungumzia mambo ya mbali. Mtoto wa Mathare au Mukuru hachungi mbuzi, lakini naye ana kilima chake. Anaweza kwenda shuleni, au anaweza kwenda jalalani kuokota chupa na vyuma auze apate mandazi. Mwaka 2023 serikali ya kaunti ilianzisha mpango wa Dishi na County pamoja na shirika la Food4Education, lile lililoasisiwa na Wawira Njiru. Majiko makubwa yakajengwa, na chakula kikawa kinapelekwa shuleni kikiwa moto. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani moja, na gharama iliyobaki hubebwa na wengine. Mtoto huvaa ukanda mkononi, anaugusisha kwenye kifaa, anapewa sahani yake. Nilichopenda katika ukanda ule ni kwamba kwenye foleni haujulikani ni nani aliyelipiwa na nani. Hakuna Bwana Maziwa.

Shilingi 5 ni kidogo. Lakini mzazi mwenye watoto wanne, anayefua nguo za watu na ambaye siku nyingine hapati kazi, atahitaji shilingi 20 kila siku ya shule. Ndiyo sababu nasema, popote panapotozwa hata senti moja, pawe na njia ya siri na ya heshima ya kumpisha yule asiyeweza.

Najua kuna msikilizaji anayetikisa kichwa. Nimepokea barua zenu kwa miaka mingi, nazijua. Mmoja ataniambia, "Kulisha mtoto ni kazi ya baba na mama. Mkiwalishia, watabweteka." Ndugu yangu, hoja yako ina uzito, nami siidharau. Mzazi asiondolewe wajibu wake. Katika shule ile ya Kitui, wazazi ndio wanaoleta kuni. Wazazi ndio waliojenga jiko. Akina mama hupokezana zamu ya kuchota maji. Mpishi, mama wa makamo ya juu, hulipwa kwa mchango wa wazazi, na mchango ukikosekana hupika hivyo hivyo. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, "Mwanangu, hawa ni wajukuu zangu. Nikikaa nyumbani, nitakula nini kishuke kooni?" Watu kama hao hawajabweteka. Kilichowashinda ni mvua. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha ipasavyo katika maeneo kame, mmoja baada ya mwingine. Mzazi gani ana ghala la misimu mitano?

Mwingine ataniambia, "Hawa watoto wanafuata chakula tu, hawafuati elimu." Nakubali, wanafuata chakula. Mimi pia nilifuata maziwa. Mtoto wa miaka saba hajui faida ya elimu, anajua tumbo lake. Mtu mzima ndiye anayejua faida ya elimu, na kazi ya mtu mzima ni kuiweka elimu mahali ambapo tumbo la mtoto litampeleka.

Tena tufahamu jinsi mambo yanavyokwenda nyumbani. Kwa mzazi maskini, mtoto anayekwenda shuleni ni mikono miwili iliyopungua: hakuna wa kuchota maji, hakuna wa kuchunga, hakuna wa kumbeba mdogo wake. Sahani ya mchana shuleni humrudishia mzazi sehemu ya hasara hiyo, kwa kuwa mdomo mmoja umelishwa. Wapo watoto, na mwalimu yule alinithibitishia, ambao hula nusu na kufunika nusu, waende nayo kwa wadogo zao. Usiku mzazi akiamua kesho nani aende wapi, sahani ile imo katika hesabu yake.

Tuliona kinyume chake shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi zikafunguliwa kwa watoto wote Januari 2021. Tulizungumza sana kuhusu masomo yaliyopotea. Tulizungumza kidogo mno kuhusu sahani zilizopotea.

Basi nini kifanyike? Sikuja hapa kulalamika tu.

Kwanza, chakula kifike kabla ya muhula kufunguliwa. Ni afadhali kipimo kidogo cha kila siku kuliko karamu ya majuma matatu na njaa ya majuma kumi. Mtoto hujenga mazoea, na mazoea yakikatika, kuyaunga ni kazi.

Pili, fedha za chakula zitengwe zisiguswe. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki ya lishe ya msingi. Zimeandikwa mstari mmoja kufuata mwingine, elimu na lishe. Waliotunga hawakukosea.

Tatu, mwalimu aachwe afundishe. Tumeona kutoka Busia kwamba muda wa uji ukila muda wa somo, faida inapungua. Shule ipewe mpishi anayelipwa, jiko linalotumia kuni chache, na mtu mwingine wa kuandika hesabu za stoo.

Na wewe msikilizaji unayenisikiliza uko ndani ya matatu au umeketi dukani, una kazi yako. Juma hili, pita katika shule ya msingi iliyo karibu nawe. Uliza maswali matatu. Leo watoto wamekula nini? Chakula kilichomo stoo kitatosha hadi lini? Na kikiisha, nani anapaswa kukileta? Ukikosa jibu la swali la tatu, lipeleke kwa mwakilishi wako wa wadi, kisha kwa mbunge wako, na usichoke. Watakuja kwako kuomba kura. Nawe uwe na la kuwaomba.

Nilipoondoka shuleni siku ile, gurudumu lilikuwa limekwisha kuzibwa. Nilipita nje ya darasa la yule msichana wa kilimani. Alikuwa ameketi dawati la mbele, peke yake, ametandaza viwiko vyote viwili. Mwalimu alikuwa akiwafundisha kugawanya. Wavulana wale wawili hawakuwamo.

Tangu hapo nimempigia simu mwalimu mkuu mara mbili. Mara ya kwanza lori lilikuwa halijafika. Mara ya pili, juzi Jumatatu, hakunisalimu hata salamu. Alisema tu, "Mpishi amewasha moto, na leo mna kitu ndani ya sufuria." Nikamwuliza kama watoto wamerudi wote. Akasema, "Bado. Wengine wako kilimani wanatazama."

Nawatakieni juma jema. Tukijaliwa, tukutane tena saa kama hii juma lijalo. Kwaheri.